Kikohozi cha Taisto

Jumanne, saa nne asubuhi, Oulu.
Theluji imefika dirishani.
Tumeketi tisa chini ya maktaba,
wazee wanane na binti mmoja, Eerika,
aliyetuita kwa barua ya karatasi
(hilo nilimpa alama).
Amekuja na kahawa, mikate ya iliki,
na somo la moyo ndani ya kompyuta.

Mimi ni Sylvi. Miaka thelathini na mmoja
nilikaa kwenye mitambo ya simu
nikichomeka waya, nikiunganisha
mkunga na mama mzazi,
mpenzi na aliyemtoroka.
Usiniambie siijui mashine.
Mashine ndiyo haijanijua.

Akafungua ukurasa wa kwanza.
Herufi za kijivu juu ya weupe:
theluji juu ya theluji.
Na picha: bwana na bibi wenye mvi za fedha
wanakimbia ufukweni, wanacheka,
meno thelathini na mawili kila mmoja.
"Hawa ni nani?" Irja akauliza.
"Ni ninyi," akasema Eerika,
kisha akakisikia alichokisema,
masikio yakamwiva.

Tangu siku hiyo alikuja na penseli,
majibu akayaacha ofisini.
Tukamwonyesha kitufe kidogo kama punje ya dengu
na kidole cha Irja kinavyotetemeka:
kinalenga "endelea", kinaangukia "futa".
Tukamwonyesha dakika tano za ukimya,
kisha unatolewa nje "kwa usalama wako".
Nilikwenda kutafuta miwani tu!
Niliporudi mlango umefungwa,
nami nabisha kwa nenosiri
kama mgeni nyumbani kwangu.

"Punguza chumvi," ukurasa ukasema.
Ipi? akauliza Reino.
Samaki ninayemla tangu utoto
amelala kwenye chumvi majuma matatu.
Niambie nimloweke usiku kucha,
nibadilishe maji mara mbili: hilo ni somo.
"Punguza" ni amri ya jeshini.
Penseli ikakatika. Eerika akaichonga, akaandika.

Taisto hakutamka neno majuma manne.
Mchomeleaji wa meli, mikono mipana,
alikula mkate wake, akakunja karatasi, akaenda.
Juma la tano tukafika swali la kumi na mbili,
*Umeanguka mara ngapi mwaka huu?*
Akaweka kikombe chini.

"Hapo huandika sifuri," alisema.
"Novemba nililala sakafuni jikoni
tangu taarifa ya habari ya jioni
hadi mtu wa magazeti alipopita.
Nikaandika sifuri.
Mnauliza kabla hamjanisalimu,
wala hamsemi jibu linakwenda kwa nani.
Najua linakokwenda. Kwa binti yangu.
Na binti yangu ana kijitabu cha makao ya wazee,
juu yake wale wale wanaokimbia."

Hakuna aliyegusa kahawa.
Mvaa kiatu ndiye ajuaye kinapobana;
nikawatazama mmoja mmoja mezani,
na sote tulikuwa tumeandika sifuri,
hata mimi, mwenye bega la zambarau chini ya sweta.

Eerika hakusema "asante kwa mchango wako".
Alisema, "Ungetaka tuulizeje?"
Taisto akafikiri hadi gari la kusukuma theluji
likapita, likageuka, likapita tena.
"Kwanza nifundisheni kuinuka," akasema.
"Kiti, goti, mkono.
Kisha ndipo muulize kama nimeanguka."

Ndivyo lilivyo sasa, somo la sita.
Herufi nyeusi, nene kama za ubao wa treni.
Ufuko umeondoka. Kuna jiko, kiti,
na goti la Taisto ndani ya suruali ya kazi.
Sauti pia ni yake, ya polepole:
*Usikurupuke. Vuta pumzi.
Kitafute kiti kwa macho kwanza.*
Katikati anakohoa.

Fundi wa sauti alitaka kukikata kikohozi.
Tukapiga kura, Eerika naye akiwemo:
kibaki, nane kwa moja.
Ile moja ilikuwa ya Taisto.